Mwaka Niliomkasirikia Mtani Wangu

Festo alinipigia simu asubuhi nikiwa nachemsha chai. "Mjomba, shikamoo," akasema, "Mama ametutoka." Nikaitikia marahaba kwanza, maana salamu haisubiri msiba, ndipo nikampa pole. Mama yake Festo ni Mwalimu Agripina. Alikuwa mtani wangu, na kwa mwaka mmoja tuliokuwa pamoja kwenye shule ya msingi ya kijiji kimoja cha Newala, upande wa Mnyambe, alinifanyia mambo ambayo angenifanyia mtu mwingine yeyote ningempeleka baraza la kata. "Wazee wanasema hatuwezi kumzika bila mtani," Festo akaendelea. "Wa ukoo wenu aliyemjua Mama vizuri ni wewe. Tunakusubiri kesho, Mjomba, usituangushe." Nikamwambia nitapanda basi la kwanza kutoka Masasi. Nilipokata simu chai ilikuwa imeshafurika na kuzima moto, na mimi nimesimama palepale na kikombe mkononi, natabasamu. Watu huandika kwamba walipopata habari ya kifo cha adui yao walijikuta wakimlilia. Mimi nilifurahi, nikachemsha chai nyingine.

Asiyetoka kwetu inabidi aelezwe jambo moja tu. Ukoo wa mama yangu na ukoo wa Agripina ni watani tangu vita vya mababu, vita ambavyo kila mzee ana maelezo yake ya nani alimkimbia nani. Mimi Mmakua wa Masasi, yeye Mmakonde wa Newala, lakini kabila si hoja, hoja ni koo. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako, akakunyang'anya nyama kwenye sahani, akakuita mchawi na mwizi wa korosho mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na wewe umeruhusiwa kitu kimoja: kumrudishia. Kukasirika hakumo. Na mtani akifa unakwenda kumcheka. Unavaa nguo zake, unaigiza mwendo wake, unaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka wafiwa wakubembeleze, na wale waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka na kamasi puani. Watumishi wanaohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine wakiona mara ya kwanza hudhani tumerukwa na akili. Ni desturi nzuri, imezuia visu vingi. Ila katika mafunzo yote niliyopewa na wajomba zangu kuhusu utani, hakuna aliyeniambia mtu afanye nini pale mtani wake anapomchukia kweli.

Kabla ya mwaka ule nilikuwa bwana mifugo. Sikuajiriwa na serikali. Nilikuwa na cheti changu cha afya ya mifugo na nilifanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo pale Newala mjini, kwa mzee mmoja wa Iringa. Yeye alikaa dukani, mimi nikazunguka vijijini na baiskeli, nyuma nimefunga kijiboksi cha barafu chenye chanjo. Nilitibu mbuzi, nilichanja mbwa wa wawindaji, lakini zaidi nilikuwa mtu wa kuku, kwa sababu kule juu Newala kuku ndiye benki ya mama na heshima ya mgeni. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Mnyama hakudanganyi. Unasimama mbali kidogo, unamtazama kabla hujamshika, unaona nani amejitenga, nani anakula kwa kujilazimisha, na ukishaona hivyo nusu ya kazi imekwisha.

Sasa, miezi ile ya joto kabla ya mvua, kijiji hicho ninachokisema kilikuwa na watoto jandoni, na kila nyumba ilikuwa inafuga kuku wa kuwapokea siku ya kutoka. Wakaniita nichanje mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku. Nikawaambia, na nikarudia mpaka ulimi ukanikauka, kwamba chanjo ni ya kuku mzima, kuku aliyeanza kusinzia asiletwe. Wakaitikia wote, ndiyo daktari, ndiyo daktari. Alfajiri wakaja nao, wazima mikononi na wagonjwa wamefichwa chini ya kanga, kwa sababu akili ya kawaida inasema dawa ni ya mgonjwa, na anayempa dawa mzima akamnyima mgonjwa ana lake jambo. Niliwatia matone machoni mmoja mmoja kwenye foleni, wazima wakibanana na wagonjwa. Haikupita wiki mdondo ukafagia kijiji. Kuku walikuwa wanazunguka uwanjani shingo zimepinda, wanatazama juu kama wanaomba mvua, kisha chini. Watoto wakatoka jandoni wamevaa nguo mpya, wakapokewa kwa kunde. Mzee mmoja alinifuata mpaka dukani kuniambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mjukuu wake ameingia utu uzima kwa kula chakula cha mfungwa. Mwenye duka alisubiri yule mzee aondoke. "Yusufu," akaniambia, "jina lako linanuka, na mlango huu una jina langu." Ndivyo nilivyoacha mifugo. Nimeeleza habari ya wale kuku wa chini ya kanga mara nyingi maishani, na kila nilipoeleza nilizidi kuonekana muuaji.

Januari yake Mwalimu Agripina alianguka na bodaboda kwenye mchanga wa njia ya Tandahimba, akavunjika paja. Darasa lake la sita likabaki halina mtu, na Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaomba mwalimu wilayani mpaka amechoka kuomba. Akanikumbuka mimi, kijana wa kidato cha nne niliyekuwa nauza muda wa maongezi pale stendi. Alipopeleka jina langu kwenye kamati ya shule walicheka sana, kisha mwenyekiti wa kijiji akasema neno ambalo nililetewa likiwa bado la moto: "Alitumalizia kuku wetu, basi aje afundishe atulipe." Nikaenda. Sikuwa na pa kwenda pengine, na Mwalimu Mkuu aliniahidi kwamba nikimaliza mwaka vizuri, hata Agripina akirudi, kamati itanibakiza kwenye darasa jingine, maana yalikuwepo mawili yasiyo na mwalimu, na ataniandikia barua ya kwenda chuo cha ualimu. Nilitaka kitu kimoja mwaka ule. Nilitaka darasa ambalo mtu akiuliza ni la nani, watoto wataje jina langu.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya shule. Nusu yake chama cha wakulima kilikuwa kimeweka mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, nusu yangu ilikuwa kitanda cha kamba na meza ya mguu mfupi. Salfa ilikuwa kwenye shuka, kwenye mswaki, kwenye kucha. Nilipokohoa asubuhi nilikohoa njano. Mwezi wa sita baridi ya Newala ilipoanza na upepo ukapita chini ya mlango, unga ule ulikuwa unatembea sakafuni wenyewe. Chakula nililetewa na wazazi kwa zamu: ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi, na msimu wa viazi vya porini ulipofika nikaletewa ming'oko. Hakuna zamu iliyorukwa, hilo nawapa haki yao. Lakini wiki ya kwanza mama mmoja, ambaye nilimjua baadaye kuwa ni Mama Somoe, alinitumia sahani imefunikwa vizuri na kawa, nikafunua, nikakuta katikati ya ugali pamesimikwa unyoya mmoja mweupe wa kuku. Niliutoa nikala. Nilikuwa na njaa, na ugali ulikuwa umepikwa vizuri.

Darasani nilipogeuka kuandika ubaoni walitetea kama kuku. Mmoja alianzisha kwa chini, wengine wakapokea, mpaka darasa zima likawa banda. Mwalimu yeyote mwenye fimbo angejua la kufanya. Mimi fimbo sikuwa nayo, na si kwa wema, ni kwa mazoea tu, kwa sababu mnyama ukimpiga anaficha panapomuuma, na wewe unabaki unatibu mahali pazima. Kwa hiyo kila asubuhi nilisimama mlangoni nikawatazama kwanza, kimya, kama nilivyozoea kutazama kundi la mifugo. Niliona Somoe anakunja uso kila nikiandika, nikamhamishia mbele, kumbe miaka yote alikuwa hauoni ubao. Niliona wale wanaosinzia saa nne ni walewale wanaotoka bondeni kuteka maji, nikaanza hesabu baada ya mapumziko badala ya kabla. Siku moja walipotetea nikawaambia mtetea anaumwa, sauti ya kuku mzima haiko hivyo, nikatetea mimi, vizuri, kama mtu aliyelala na kuku. Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Kuanzia hapo tukawa watu. Niliwapenda watoto wale, nasema wazi, niliwapenda kuliko mbuzi wote niliowahi kuzalisha, na mitihani ya nusu mwaka ilipotoka, darasa la sita ambalo miaka yote lilikuwa likitajwa mwisho pale kwenye kata halikutajwa mwisho.

Ijumaa mchana ilikuwa zamu ya Agripina. Mwalimu Mkuu alitaka nimpelekee madaftari ayapitie ili asijisikie ametupwa, na mimi nilikubali kwa moyo mweupe. Nyumba yake ilikuwa ya walimu, hatua chache kutoka shuleni, na kitanda chake alikuwa amekivutia dirishani ili aone mlango wa darasa langu. Kwenye chumba kile palikuwa na redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, picha ya Bikira Maria, harufu ya dawa ya kuchua, na mguu wake umenyooshwa juu ya mto kama mgeni wa heshima. Mimi nilikalia kigoda, yeye akanitazama kutoka juu. Kila Ijumaa alinipikishia kuku, aliyeletwa na basi kutoka Masasi, kwa sababu kijijini kuku walikuwa bado hawajarudi. "Karibu mtani," alikuwa anasema, "kula bila wasiwasi, huyu amekufa kwa kisu, si kwa matone yako." Mwalimu Mkuu, ambaye hakukosa Ijumaa hata moja, alipewa firigisi kama anavyostahili mkubwa. Mimi nilipewa miguu na shingo. "Shingo iangalie vizuri," Agripina aliongeza, "kama imepinda ni ya mgonjwa wako." Nami nilirudisha: "Wewe ungekuwa mbuzi, mtani, tungekuchinja siku ileile ya bodaboda, sema tu nyama yako ingevunja meno ya fisi." Alicheka mpaka akashika paja kwa maumivu. Alikuwa anachekesha kweli, na mimi nilicheka kweli. Miezi ile ya kwanza, nikitoka kwake nimeshiba miguu ya kuku na matusi, nilijiona mwenyeji.

Baada ya mitihani ya nusu mwaka utani ulianza kuwa na uzito mkononi. Alikuwa anaita watoto wangu dirishani kwake, anawaambia waigize ninavyotembea, na anayeigiza vizuri anapewa kipande cha muwa. Madaftari niliyokwisha kusahihisha aliyasahihisha upya kwa kalamu nyekundu juu ya nyekundu yangu, penye vema akaandika chini, "Hata kuku angepata." Mzazi akija kumjulia hali nami nikiwepo, alinishika sikio akamwonyesha, "Huyu ndiye mganga wa mwanao, umeshaandaa sanda?" Mzazi alicheka, nami nikacheka, maana ndiyo sheria. Lakini nilianza kuona kwamba akisema hivyo macho yake hayachezi. Nilikuwa mtu wa kutazama macho, nilijua ya mnyama anayecheza na ya mnyama anayepima.

Ijumaa moja nilimaliza mapema, nikapita nyuma, nikakaa kwenye jamvi la jikoni kusubiri niitwe. Kuku alikuwa kwenye chungu, mpishi ameenda kisimani. Dirisha la chumba lilikuwa wazi na wao wawili walikuwa ndani, Agripina na Mwalimu Mkuu. Sikukusudia kusikiliza, lakini nilipotajwa sikuondoka pia. "Anafundisha, Mwalimu Mkuu, tusidanganyane," Agripina alikuwa anasema, na sauti ilikuwa ya mtu ambaye simjui, haina mzaha hata tone. "Watoto walewale walionishinda mimi, yeye anawafundisha. Anafundisha kunizidi." Mwalimu Mkuu akasema basi tumshukuru Mungu. "Umshukuru wewe. Mimi nitarudi pale na fimbo mbili za kutembelea, nisimame mbele ya watoto waliokwisha kuonja kwake, na yeye yuko chumba cha pili. Wazazi watasema nini? Watasema miaka yote tulikuwa tunafanyiwa nini? Lazima aondoke kabla sijasimama." "Wazazi wanamtaka," Mwalimu Mkuu akasema. "Mama Somoe mwenyewe anamtaka." Agripina akajibu, "Wazazi niachie mimi. Mimi si mtani wake?" Kisha wakaita kuuliza kama nimeshafika, nami nikazunguka mbele nikabisha hodi. Siku hiyo Agripina alichukua firigisi kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka kwenye sahani yangu. Mwalimu Mkuu akatazama ukutani. Niliila, na mpaka leo sipendi firigisi.

Mkutano wa wazazi ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, mabibo yameiva, nusu ya wanaume wamekuja na uraka umeshawapanda kichwani. Tulikaa darasani kwangu kwa sababu ndilo lilikuwa kubwa, wazazi wamejibana kwenye madawati ya watoto, watoto wenyewe wananing'inia madirishani. Mwenyekiti alisema darasa la tatu na la tano hayana mwalimu, na kijana huyu, pamoja na yaliyotokea, amefanya kazi. Mama Somoe akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Huyu alinimalizia kuku, na nilimwonyesha kwamba nimekasirika, mwenyewe anajua," akasema. "Lakini mwanangu sasa anasoma barua ya baba yake aliye mgodini, anasoma mpaka mwisho. Mimi nasema abaki." Watu wakaitikia. Mimi niliikalia mikono yangu. Mwenyekiti alikuwa anafungua mdomo kuuliza nani anapinga, ndipo tukasikia magongo barazani.

Agripina aliingia amevaa gauni la kanisani. Hakusalimia. Alimpa mtu gongo moja, akabaki na jingine, akatuzunguka polepole hadi mbele ya ubao. Kisha akapinda shingo. Akaipinda kabisa, sikio likagusa bega, macho juu, mdomo wazi, mkono mmoja ukaanza kupigapiga ubavuni kama bawa lililokufa. Akaruka kwa ule mguu mzima, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, akitoa ile sauti ya mwisho ya kuku wa mdondo, ile ya mluzi, ambayo kila mtu mle ndani aliisikia uwanjani kwake mwaka uliotangulia. Akasimama mbele yangu. "Daktari," akasema kwa sauti ya kukwama kooni, "mimi ni wa darasa la sita. Nitie tone jingine." Akajiangusha kwenye meza yangu. Watu walicheka jamani. Walicheka wakashikana, wazee walitoa machozi, dawati moja lilivunjika. Watoto wangu madirishani walicheka. Na katikati ya kicheko nikaona nyuso zinaanza kukumbuka, moja baada ya nyingine, mabanda yale matupu na watoto waliokula kunde. Mama Somoe alicheka pia, kisha akaacha, akatazama chini.

Wakanigeukia mimi. Ilikuwa zamu yangu, na walikuwa wanaisubiri kwa hamu, bila ubaya, kama watu wanaosubiri ngoma ijibu ngoma. Majibu nilikuwa nayo. Nilikuwa nimehifadhi jibu la mguu, jibu la bodaboda, jibu la ukoo wao uliokimbia vita na sufuria kichwani. Lakini nilimtazama pale mezani, shavu kwenye chaki zangu, jicho moja limefunguka linanipima, na kitu kikakatika ndani. Nikasimama. Nikasema kwa hasira, "Wewe mwanamke ni mwongo na una roho mbaya. Ulisema mwenyewe, chumbani kwako, kwamba mimi nafundisha kukuzidi. Ulisema niondoke kabla hujasimama. Nilikusikia kwa masikio yangu!"

Hakuna aliyemtazama Agripina. Walinitazama mimi, na kwenye macho yao hakukuwa na swali kama ni kweli au si kweli. Palikuwa na aibu, ile ya kumwona mtu mzima amejikojolea. Mzee mmoja nyuma akasema taratibu, "Mtani hakasiriki." Mwingine akarudia, wakaitikia wengi, kama sala. Agripina alijiinua mezani akajipangusa chaki, akasema kwa huzuni nzuri kabisa, "Jamani, mimi nilikuwa natania na mtani wangu." Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Mtu anayemkasirikia mtani wake hadharani," akasema, "kesho mtoto akimchezea atamfanya nini?" Hapakuwa na kura. Nilitozwa faini ya kuku mmoja kwa kuvunja utani, na mtu akauliza kuku huyo nitampata wapi kijiji hiki, na hapo kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza. Mwalimu Mkuu, mtu pekee aliyekuwa chumbani siku ile na Agripina, alikuwa anapanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangika. Na mimi nisingeweza hata kuwalaumu, maana ningekuwa nimekaa upande wao, mtu mwingine akasimama akafoka vile kwa mtani wake, ningesema walivyosema.

Nilishuka Masasi na begi linalonuka salfa. Faini niliituma kwa basi. Chuo sikwenda, barua haikuandikwa, na mifugo nilikuwa nimeshapoteza. Nilichokuwa nimebaki nacho ni kwamba najua kusimama mlangoni na kutazama watoto, kwa hiyo nimekula kwa hilo mpaka leo, kwenye shule za watu binafsi na za dini hapa mjini. Mwalimu akijifungua naitwa. Akiugua, akienda semina, akifungwa, naitwa. Mwenyewe akirudi namkabidhi chaki. Nimeshika madarasa mengi kuliko mwalimu mkuu yeyote wa wilaya hii, na watoto wakiulizwa ni la nani hutaja jina la aliyeenda kujifungua. Watu wazima hunisimamisha sokoni, "Shikamoo mwalimu, ulitufundisha muhula ule mama fulani alipoumwa." Naitikia marahaba. Mtu akikuambia muda unaponya, muulize yeye alipigwa wapi.

Basi nilifika msibani kabla ya jeneza kutoka ndani. Wanawake walikuwa wanalia, na waliponiona mlangoni baadhi walianza kutabasamu, mtani huyo, mtani amefika. Nikaomba gauni lake nikalivaa juu ya suruali, nikachukua gongo lake, nikachechemea uwanja mzima nikiwakemea waombolezaji kwa sauti yake: wewe hujachomekea, wewe unalia bila kuandika tarehe. Festo alikuwa amekaa kichwa magotini, akainua kichwa akacheka kwa kwikwi. Makaburini, padri alipomaliza kubariki shimo, nikalirukia, nikalala chali kwenye ule mchanga mwekundu, magoti yakalia yote mawili, nikaitwa nitoke nikagoma. Wakauliza nataka nini. Nikatazama juu, vichwa vimejipanga pembeni ya anga, na nikaona kichwa cha Mwalimu Mkuu, cheupe kwa mvi, mwenyewe ameshikiliwa na mjukuu.

"Namtaka Agripina akanushe!" nikapaza sauti, nikicheka, nikipiga udongo kwa gongo. "Agripina! Ulimwambia Mwalimu Mkuu kwamba mimi nafundisha kukuzidi! Ulisema niondoke kabla hujasimama! Haya, nimeondoka, simama sasa!"

Kilikuwa kicheko cha siku. Wanawake waliangukiana. "Mwongo huyu jamani," mmoja akapiga kelele, "mtani mwongo, mpaka kaburini!" Festo alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati, anasema Mama angefurahi, Mama angefurahi sana. Hata padri aligeuka pembeni mabega yakimtikisika. Mimi nilibaki chini nikiwasubiri wamalize, na hawakumaliza upesi. Hakuna hata mmoja aliyekasirika.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyenyoosha mkono kunitoa. Mkono ulikuwa mkavu, lakini una nguvu bado, na vijana wawili wakamsaidia kunivuta. Nilipokuwa juu, gauni limejaa udongo, hakuniachia. Alinivuta karibu kama anayenikumbatia kwa pole, mdomo kwenye sikio langu, huku watu wakianza kushusha jeneza.

"Ungelisema hivihivi siku ile ya mkutano, Yusufu," akaninong'oneza, "ukiwa unacheka, darasa tungekupa."